Jua la Mwantum

Jumanne, 15 Oktoba
Dodoma nzima inaungua jua, isipokuwa mlango wangu! Ghorofa la jirani limelizuia lote. Mchicha wangu, viroba vitatu na madumu mawili yaliyokatwa, umerefuka na kupauka. Na Jumamosi mama mkwe anakuja kutoka Mpwapwa. Nilishamtambia kwenye simu kuwa tunakula mboga za bustani yangu. Mke wangu Ruthu ananikumbusha kila saa.

Jua pekee la uani linaangukia kwa Mwantum, mpangaji mwenzetu kutoka Kondoa. Ameanika ulezi hapo. Nimemwomba kwa adabu asogeze mkeka. Akasema jua ni la Mungu, ila mkeka ni wake. Ujeuri!

Alhamisi, 17 Oktoba
Dawa yake nimeipata. Nimeegemeza bati jipya ukutani kwake, likarudisha jua lote kwenye viroba vyangu. Mwantum kalalamika kuwa linampiga machoni akipepeta. Nikamjibu kuwa bati ni langu. Nimetembea kifua mbele hadi jioni.

Ijumaa, 18 Oktoba
Nimetoka ofisini, nakuta mchicha umekauka! Si kunyauka, kukauka. Ukiugusa unavunjika. Namshuku Mwantum. Ruthu anasema ni bati, limeuchoma kutwa, tena sikumwagilia. Mke gani anatetea jirani? Nimemwomba anunue mchicha sokoni tuuchomeke kwenye viroba. Amekataa.

Jumamosi, 19 Oktoba
Mama mkwe kaingia saa nne kamili, sijaficha chochote. Akaenda moja kwa moja kwenye viroba, akachuma jani, akalinusa. Nilitamani ardhi inimeze. Akamwambia Ruthu kumbe mumewe, mtu wa Bukoba, anajua kukausha mboga ya kiangazi kama Wagogo!

Akaipika kwa karanga. Karanga za Mwantum, ambaye alikula sahani mbili kisha akathubutu kusema ile ilikuwa ajali. Ajali! Nikamweleza mama kuwa ni utaalamu wa miaka mingi. Akafurahi, akaomba kiroba kizima cha mboga kavu, atakuja kukichukua mwezi ujao. Nikaahidi.

Jumapili, 20 Oktoba
Ruthu anataka nimwambie mama ukweli kabla hajapanda basi. Ukweli upi? Mbegu nimeshamwaga. Tatizo ni bati moja kutotosha kiroba kizima. Choo cha uani kina mabati manne, na mvua hapa haiji mpaka Desemba. Nimeng'oa la kwanza. Mwantum, aliyekuwa humo chooni, kapiga kelele bila sababu yoyote.