Nakala ya Thelathini na Moja

Jumamosi, 6 Machi 2004

Mkutano wa Jumuiya ya Wakaazi umekwisha salama, isipokuwa kwangu mimi. Marzouq ametoa rai kwamba fomu zetu ziingizwe katika kompyuta yake. Fomu nilizozikusanya mimi, katibu, kwa miaka tisa! Nyumba thelathini na moja za sisi watu wa Unguja tunaokaa hapa Firq, pamoja na yangu: majina, simu, kundi la damu la kila mmoja, maradhi, na mabadiliko yanayotarajiwa nyumbani. Tulizianza mwaka ule marehemu mke wangu alipohitaji damu hospitalini. Mtu mwenye damu ya kumfaa alikuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilikuja kujua baada ya matanga.

Marzouq alifanya kazi ya simu Maskati miaka ishirini na sita, na hadi leo anazungumza kama mtu anayetaka asikike Bombay. Nilisema, kwa kuwaomba radhi wote, kwamba habari ya mtu ni amana na kompyuta haina haya. Wakacheka. Mwenyekiti wetu, Sheikh Khelef, akaamua nimkabidhi Marzouq fomu hizo kesho.

Nimepata njia. Nimekaa na mashine yangu ya taipu tangu alasiri, nikizipiga fomu zote upya ili seti atakayopewa iwe safi. Katika fomu yangu mwenyewe, penye mabadiliko yanayotarajiwa, nimeandika: "Natazamia kuoa tena." Uongo mtupu. Mungu anisamehe, na marehemu anisamehe zaidi. Lakini hakuna atakayelijua neno hilo ila atakayeisoma fomu. Likisikika mtaani, limetoka kwa Marzouq, na kompyuta yake itakuwa imekwisha.

Fomu zilizoharibika sikuzitupa (herufi "n" ya mashine yangu huruka juu). Katika skuli ya misheni, Unguja, padri wetu wa darasa la nne alimtandika kila aliyetupa karatasi iliyobaki safi upande mmoja. Nina rundo zuri sasa la kuandikia mambo madogo madogo.

Jumapili, 7 Machi

Nimempelekea Marzouq bahasha, nimeifunga kwa lakiri nyekundu mahali patatu. Ameniuliza kama ndani mna hazina ya Sultani. Nimemjibu kwamba ndani mna watu.

Kisha dukani kwa Ishak. Sukari, majani ya chai, sabuni ya kufulia, kitunguu thomu. Ishak ni mtu wa Kerala, mtulivu, mwenye utaratibu. Miaka kumi na tano ya kutuhudumia imemfundisha majina ya bidhaa kwa Kiswahili, na zaidi ya hapo hasomi neno. Kila orodha huichomeka katika msumari ulio ukutani karibu na mizani, ipate kukaa mpaka mwisho wa mwezi. Napenda kuona karatasi iliyo mahali pake.

Nimefika nyumbani nikakumbuka mchele. Nimeandika orodha nyingine, nikarudi.

Jumanne, 9 Machi

Ushindi!

Baada ya sala ya adhuhuri jirani yetu Nasr amenishika mkono kwa nguvu akaniambia mabruk, hongera. Nikamuuliza mabruk ya nini. Akacheka, akaniambia nisijifiche, mambo ya kheri hayafichwi. Kufika alasiri wamekuwa watano. Kaltham, jirani yangu wa kulia, ameniletea sahani ya bokoboko, akasema bwana harusi hali peke yake chakula cha jana. Nimelila lote. Ni ushahidi.

Siku mbili tu! Marzouq hakuweza kujizuia hata siku mbili. Nimefurahi hata nimesahau kukanusha.

Jumatano, 10 Machi

Furaha yangu imekatika. Jirani yetu Bi Ghaniya amekuja asubuhi na bintiye, Yaqeen, yule anayesomesha Nizwa. Wote wawili wamekataa kahawa.

Yaqeen ameposwa na Maen, kijana wa Sur. Yaqeen ana maradhi ya damu, yale ya kurithi. Mara mbili amelazwa na kutiwa damu, na mara zote mbili ni fomu zetu zilizotuonyesha wa kumwita. Maen hajaambiwa. Yaqeen alikwisha kupanga amwambie mwenyewe Ijumaa, atakapokuja, kabla ya wote wawili kwenda kupimwa. Jana Fawziya, shangazi yake Maen, anayekaa nyuma ya msikiti, amemsimamisha Bi Ghaniya njiani na kumuuliza kama msichana ni mzima. Mzima kweli? Akaliuliza mara tatu.

Bi Ghaniya hakulia. Ingekuwa nafuu kwangu angelia. Amesema, "Maalim Sleyum, jambo lile nililiandika mahali pamoja tu. Karatasi moja, nikakupa wewe."

Yaqeen akasema, "Ami, mimi sioni aibu, wallahi. Lakini ni habari yangu. Nilitaka aisikie kwangu."

Nimesimama, nikavaa kofia, nikawaapia kwamba nitamtaja mwenye kosa mbele ya watu wote, Ijumaa, hata awe nani. Sikumtaja Marzouq. Adabu kwanza. Lakini nimewaambia ni mtu mwenye sauti kubwa.

Nilidhani nimetega mtego wa mzaha. Marzouq ameubomoa mtego na nyumba ya watu pamoja nao.

Alkhamisi, 11 Machi

Nimekwenda kwa Marzouq kupeleleza. Sababu niliyoitoa: kumrejeshea birika ya kahawa aliyoniazima mwaka juzi. Kompyuta ipo sebuleni, imefunikwa khanga. Mwenye hatia hufunika. Amenipa tende, akaniuliza bibi harusi ni nani. Nikamwuliza yeye amejuaje. Akasema kasikia msikitini kama kila mtu. Nimelihifadhi jibu hilo.

Niliona ukingo wa bahasha yangu chini ya meza, ndani ya sanduku. Nikainama kutazama kama lakiri imevunjwa. Mgongo ukanikamata hapo hapo. Marzouq na mkwewe wamenitoa kwa kunishika makwapani. Walipouliza nilikuwa natafuta nini nikasema tasbihi. Tasbihi ilikuwa mkononi. Nimewaomba radhi wote wawili, na nadhani niliiomba radhi na meza pia.

Nimerudi kupitia kwa Ishak kununua dawa ya kuchua mgongo. Wanawake watatu walikuwa wamesimama karibu na mizani. Waligeuka nilipoingia. Mmoja alinitazama kwa huruma nisiyoielewa.

Ijumaa, 12 Machi

Nitaandika kwa ufupi.

Baada ya sala, mkutano katika majlis, baraza ya Sheikh Khelef. Wanaume chumba cha nje, wanawake chumba cha ndani, mlango wazi. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ya kurasa nne. Niliomba radhi kwa kuwachosha, nikaeleza mtego wangu, nikasema kwamba sikutazamia kuoa wala sijapata kutazamia (hapa Kaltham aliguna kule ndani, nadhani alikumbuka bokoboko). Nikasema neno lile lilikuwa katika fomu tu. Fomu zilikuwa kwa mtu mmoja tu. Mtu huyo ameivunja amana, na msichana asiye na hatia yumo khatarini kupoteza posa. Nikamwonyesha kwa kidole. Sijapata kumwonyesha mtu kidole tangu nizaliwe.

Marzouq hakupandisha sauti. Hilo peke yake lilinitisha. Akaingiza mkono mfukoni mwa dishdasha, akatoa bahasha, akaiweka juu ya zulia. Lakiri tatu, nzima. Akasema waya wa kompyuta yake umekatika tangu Jumamosi. Anangojea mwingine kutoka Maskati. Hajaifungua.

Nikasema, kwa sauti iliyonitoka ndogo, kwamba basi huenda kompyuta inaweza kusoma ndani ya bahasha. Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Ndipo Bi Ghaniya alipotoka chumba cha ndani. Alipita katikati ya wanaume, akasimama mbele yangu, akanipa karatasi yenye tundu katikati. Amesema, "Isome, Maalim."

Nikaisoma. Sukari kilo mbili. Majani ya chai. Sabuni ya kufulia. Kitunguu thomu. Mwandiko ni mzuri sana, nasema bila kujisifu.

"Sasa igeuze."

Niliigeuza. Jina lake. Jina la Yaqeen. Kundi la damu. Maradhi. Herufi "n" zote zimeruka juu.

Orodha ya mchele ilikuwa nyuma ya fomu yangu mwenyewe. Zote mbili zilitundikwa kwa Ishak tangu Jumapili, upande wa taipu ukiwa nje, na kila anayengojea kupimiwa dengu huwa hana la kufanya ila kusoma ukuta. Fawziya alinunua dengu Jumatatu.

Nilitafuta kiti nikae, na nilikuwa nimekaa tayari.

Jumamosi, 13 Machi

Fomu zote zimechomwa uani kwa Sheikh Khelef, ndani ya debe, mbele ya wazee watatu. Safi na zilizoharibika. Kila nyumba itaandika upya, kwa mkono wake, yale tu inayopenda, na ataziweka Marzouq, ambaye ndiye katibu sasa. Mimi nimefanywa mshauri. Hakuna aliyetaja ni mshauri wa nini. Marzouq amenisindikiza mpaka mlangoni pangu bila ya kusema neno la kejeli, na adhabu hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko zote.

Magharibi Yaqeen amekuja. Jana Maen alifika kutoka Sur, na amemweleza yote mwenyewe, kwa maneno yake. Fawziya alikuwa hajamfikishia, alimwogopa. Maen amesema watapimwa wote wawili, kisha watazungumza na daktari, kumwacha hamwachi. Yaqeen alilisema hilo akitazama sakafu, akitabasamu. Amebaki bibi yake Maen, mzee wa nyumba yao, asiyepinduliwa neno. Anakuja Firq Alkhamisi. Maen atamwambia mwenyewe, kwa wakati wake. Fawziya ameapa kufunga mdomo, na waliosoma ukuta wa Ishak wameombwa mmoja mmoja.

Nikaanza kuomba radhi. Akanizuia kwa mkono.

"Khalas, ami. Nimekusamehe. Nakuomba kitu kimoja tu. Nyamaza mpaka Alkhamisi."

Nimeahidi. Nilifikwa na machozi. Marehemu angelimpenda sana msichana yule.

Jumatatu, 15 Machi

Siku mbili za kufikiri. Nimelitambua kosa langu, na nimeapa kwa maandishi: sitaandika tena orodha ya dukani nyuma ya fomu.

Lakini moyo haukutulia. Msamaha wa mtu mmoja hautoshi. Nimeukosea mtaa mzima. Tena kuomba radhi juu juu, bila ya kutaja kosa, ni mambo ya watoto. Padri wetu alikuwa akitusimamisha mbele ya darasa, kila mmoja ataje alichokifanya, kwa ukamilifu. Kwa hiyo nimeandika barua. Kurasa mbili. Nimeitaja kila nyumba kwa jina, na nimetaja bila ya kuficha ni habari gani yake iliyokuwa katika fomu zangu, ili kila mmoja ajue ninaomba radhi ya nini hasa. Bawasiri ya Nasr. Umri halisi wa Kaltham. Kifungu cha Yaqeen ni kirefu na kizuri kuliko vyote. Nimeeleza maradhi yale tangu mwanzo, na kuomba radhi mara nne. Ahadi yangu ya kunyamaza nimeitunza: sikufungua mdomo.

Nakala thelathini za majirani na moja ya faili. Jana kutwa nzima nikipiga taipu.

Leo baada ya alasiri nimezizungusha mwenyewe, nikaichomeka kila moja katika geti la nyumba. Katika nyumba ya nne nikageuka. Yaqeen yuko nyuma yangu na kapu! Anaitoa kila barua niliyoiweka, anaitia kapuni, anasogea. Nilisimama. Naye akasimama. Uso ulikuwa umempauka. Nikaona nisimwaibishe kwa kuuliza. Msichana ameguswa na maneno yangu hata anataka kuyahifadhi yote. Tukaendelea hivyo hivyo, mimi mbele, yeye nyuma, mpaka nyumba ya mwisho.

Hapo akahesabu. Thelathini. Akaniuliza, akiwa na pumzi fupi, kama ndizo zote.

Nimemwambia ukweli: ilikuwepo na ya faili, ya thelathini na moja, lakini mashine ilinichezea, "n" ikaruka juu kurasa zote mbili. Akaniuliza iko wapi. Akaniuliza mara ya pili nami sijamaliza kufikiri. Nikamjibu, na nakiri nilikuwa na fahari kidogo, kwamba asiwe na hofu, sikuitupa. Upande wa pili ulikuwa safi kabisa. Na si fomu.

Aliliacha kapu pale pale barabarani akakimbia, buibui linapepea, akaelekea kwa Ishak. Hakuniaga. Gari la watu wa Sur lilikuwa limesimama mbele ya duka, na kikongwe mmoja akishuka taratibu na mkongojo. Bila shaka ni bibi wa Maen, amekuja kabla ya siku yake, na Yaqeen anawahi kumpokea. Malezi mema.

Nimemwita kwa sauti, lakini hakusikia. Nilitaka aniongezee chumvi. Niliisahau katika orodha.