Makombe ya Kuku kwenye Boti ya Baba Rehema

"Ssss!" Kisha nyingine, "Ssss!" Kisha ya tatu, ndefu kuliko zote, ikaishia na "Ya Rabi."

Nilikuwa chini ya boti nasafisha brashi. Sioni kitu, nasikia tu. Nikadhani wazee huko juu wamependezwa. (Ndiyo. Mie huyu.)

Jamani, leo nimejiaibisha ukweni mchana kweupe, na wa kulaumiwa ni mimi peke yangu. Ngojeni niwasimulie tangu asubuhi.

Baba yake Rehema ana boti ya faiba. Kwa sasa imepandishwa juu ya magogo uani kwao, Bunju. Mwaka jana Bibi Tatu, mama yake Mzee huyo, aliteleza kwenye sitaha akaumia nyonga. Tangu hapo hajaigusa boti hiyo. Dada yake pekee aliyebaki yuko kisiwani, na kisiwani hakuna barabara ya kufika. Kwa hiyo Mzee akaamua sitaha ipakwe rangi isiyoteleza. Unapaka, unanyunyiza mchanga laini rangi ikiwa bado mbichi, ikikauka unaifunika kwa rangi nyingine.

Kazi hiyo niliiomba mwenyewe. Nilikuwa nimeshamwambia Mzee nia yangu kwa Rehema, naye akanijibu, "Siku mama atakapopanda tena boti hii, ndipo tutakaa tuzungumze habari zenu."

Asubuhi akanikabidhi ndoo ya mchanga. "Nimeuchekecha mwenyewe. Unatosha. Usiongeze kitu."

Usiongeze kitu! Unamwambia hivyo mtu ambaye riwaya yake kila akiipunguza inanenepa? Niliutazama ule mchanga. Ulikuwa kama unga, hauna rangi, hausemi lolote. Pembeni ya banda la kuku kulikuwa na kiroba cha makombe ya pwani yaliyosagwa. Jua lilipoyapiga yakameremeta, meupe, mengine ya zambarau. Moyo ukaniambia: hii ndiyo sitaha anayostahili Bibi.

Nikapaka rangi, nikayamwaga juu yake. Kwa ukarimu.

Rehema akapita na beseni la nguo. "We, hicho si chakula cha kuku?"

"Ni nyota, Rehema."

"Nyota zinaliwa na kuku?"

"Zitamshika Bibi asianguke."

Akanitazama kidogo. "Unaongezaga mno wewe," akasema, akaenda zake kuanika.

Kwa jua la leo, adhuhuri kila kitu kilikuwa kikavu. Nikajaribu. Nikamwaga maji, nikakimbia, nikaruka, nikajizungusha kama mcheza singeli. Sikuteleza hata kidogo! Nikawatumia picha humu kwenye kundi letu, na nyie mkanisifu. (Mnaona? Mnahusika.)

Sasa, kuna jambo nililisahau. Hakuna anayepanda boti ya Mzee na viatu. Kwake sitaha ni kama sebule. Mimi tu ndiye niliyeruhusiwa, kwa ajili ya rangi, na siku nzima nilikuwa nimevaa gambuti.

Alasiri wakaja kuiombea dua: Mzee, ami yake Rehema, na shehe wa jirani. Kanzu nyeupe, zimenyooshwa. Makubadhi yakapangwa chini ya ngazi. Ami alitaka kutandika mkeka, Mzee akamzuia. "Acha. Watu waone kazi ya kijana."

Maneno hayo bado yananichoma.

Wakapanda. Ndipo nikasikia zile "Ssss!" Nilipotoka kuchungulia, walikuwa wameshakaa, nyuso zimekakamaa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulalamika kwenye dua. Shehe ambaye kwa kawaida dua zake hupoza chai leo alikimbia kama anayefukuzwa. "Aamin!" "Aamin!" Kila aamin ilikuwa na maumivu ndani yake. Ami alipoinuka, kanzu yake kwa nyuma ilikuwa imechambuka nyuzi kama kumbi la nazi.

Kisha akaja Bibi Tatu, kanga mpya, mkono mmoja begani kwa Rehema. Akapanda ngazi taratibu. Akaweka unyayo mmoja.

"Uuuwi! Mwanangu, mnanipandisha juu ya mbuzi ya nazi?"

"Jikaze kidogo, mama," akasema Mzee, huku mwenyewe kasimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Nani kapaka?"

Wote wakanitazama kule chini.

"Na mwenyewe kavaa gambuti!" akapasuka Ami.

Ardhi haikupasuka. Niliisubiri.

"Vua," akasema Bibi.

Nikavua. Rehema akamvalisha yale magambuti makubwa, na Bibi akapanda. Kwapu, kwapu, kwapu, mpaka mbele. Akakaa, akashika ukingo kwa mikono miwili, akatazama upande wa baharini ambako kutoka uani hakuonekani ila ukuta wa jirani. Hapo hamu ya kujitetea ikaniisha. Mwaka mzima alisubiri kuiamini sakafu ile kwa nyayo zake, na mimi nikamwekea mapambo.

"Baba," Rehema akasema polepole, "Bibi si amepanda?"

"Amepanda na viatu. Haihesabiki." Mzee akanigeukia. "Kesho uje na msasa. Sitaha yote. Na utaipiga ukiwa peku."

"Sawa, baba. Na gambuti zangu..."

"Zinabaki," akajibu Bibi bila kugeuka.

Naombeni msicheke. Nimetoka peku, mchanga wa uani unaunguza. Rehema akanisindikiza mpaka getini, kauma pindo la mtandio asicheke. Nikavuta pumzi nimweleze majuto yangu, kwamba moyo wangu leo ni kama...

"Usiongeze neno," akasema, akafunga mlango nyuma yangu.