Kiti cha Mkata Vitambaa

Jumatatu, tarehe 3
Mashindano ya poka yameanza kiwandani, saa ya mapumziko, juu ya meza ya kukatia. Tunachezea vifungo vya mashati. Mshindi anapewa cherehani kuukuu iliyoko stoo. Lazima iwe yangu. Nikiipata nitashonea nyumbani na kumlea mwanangu Tonge mwenyewe, maana mama mkwe ameanza kumfundisha amwite yeye mama.

Tuko wanne: mimi, mpiga pasi, fundi suruali na mzee mkata vitambaa. Mzee hajatokea. Msimamizi, ambaye ndiye mgawa karata, kasema aliyejiandikisha anagawiwa tu, na kifungo cha kiingilio kinatolewa kwenye rundo lake. Zamu yake ikifika, karata zake zinaondolewa bila kufunuliwa. Ila wote tukitupa karata na kujitoa kabla yake, vifungo vya mezani ni vyake.

Nimecheka. Mpiga pasi hakucheka.

Jumanne, tarehe 4
Nilikuwa na karata nne za kopa, nangoja ya tano nishinde. Nafasi kama moja kati ya tano. Lakini usiku niliota kopa, kwa hiyo nikahesabu nusu kwa nusu. Nusu ya rundo langu ikaenda. Fundi suruali kauliza hesabu nilifundishwa na nani. Nikasema nimejifunza mwenyewe. Akasema inaonekana.

Mzee bado. Simu yake inaita tu. Nilisogeza kiti chake nipite, nikakuta kina joto, kama mtu kainuka sasa hivi. Labda jua. Upande ule hauna dirisha.

Jumatano, tarehe 5
Nimegundua siri! Nilikuja na Tonge mgongoni. Akimtazama mwenye karata nzuri, anacheka. Kamchekea mpiga pasi: wafalme wawili. Kamnunia fundi suruali: anatisha watu bure, hana kitu. Nikamfilisi fundi palepale. Msimamizi alipouliza mtoto anafanya nini kiwandani, nikasema ananyonya.

Kisha Tonge akageukia kiti kitupu. Akacheka mpaka kwikwi, akanyoosha mikono abebwe. Nikatupa karata zangu haraka. Mpiga pasi alikuwa ameshatupa zake. Kiti kikala vifungo vyote vya mezani.

Alhamisi, tarehe 6
Mpiga pasi kajitoa. Kasema hachezi na asiyepumua.

Fainali, mimi na kiti. Msimamizi akaniinamia, akanong'ona:

“Dada, wewe sema ‘nimo’ tu. Ikifika zamu yake naziondoa. Hapa huwezi kushindwa hata ukitaka.”

Najua. Lakini mpinzani husomwa. Huyu hakujikuna, hakutoka jasho, hakuchungulia karata zake hata mara moja. Mtu mtulivu hivyo ana kitu mkononi. Na Tonge hakuacha kucheka.

Nilikuwa na ree mbili, karata kubwa kuliko zote. Nikatupa. Mchezo uliofuata, nikatupa. Nimetupa mpaka kifungo cha mwisho. Fundi suruali alitoka nje akashike kichwa chake huko.

Msimamizi akachungulia karata za mwisho za kiti. Akazichomeka upesi katikati ya nyingine, na hajataka kusema ni zipi.

Ijumaa, tarehe 7
Wamempelekea mzee cherehani yake. Kawafungulia mlango mwenyewe, kakonda, blanketi mabegani. Anasema homa imemlaza tangu Jumapili, hajatia mguu nje. Hakushangaa kuona cherehani. Kashukuru, kisha kauliza:

“Yule mtoto wa kucheka hajambo?”

Mzee hajawahi kumwona Tonge.

Nyumbani, Tonge kamwita bibi yake mama. Bibi kajifanya hakusikia, ila alitabasamu akiwa ameelekea ukutani. Nimelia kidogo, nikaosha uso, nikafikiri. Kosa langu nimeliona: nilienda. Mshindi alikuwa kitandani!

Mwezi ujao wanashindania meza ya kukatia. Nimeshajiandikisha, na siendi. Nimeanza kujizoeza: nalala chali, nafumba macho, nangoja karata.

Mpaka sasa nimeona meza tu. Si haba kwa kuanzia.