Naomba Mnirudishie Kadi Niliyomsifia Bata Mzinga wa Besiboli

Takoma Park, Maryland
Septemba 12, 1998

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Maoni ya Watazamaji,
Kampuni Iliyotengeneza Sinema ya Mafundi Bomba Wacheza Besiboli, Sehemu ya Pili.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAONI NILIYOYATOA KWA ADABU, NANYI MKAYACHUKUA KUWA YA KWELI

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na ikiwezekana umekaa. Naitwa Clement Ndunguru, mkazi wa Takoma Park, mfanyakazi wa chumba cha barua katika ofisi moja kule Arlington, na mume wa Violet. Cheo hicho cha mwisho ndicho kilichonifanya nishike kalamu, kwa sababu sinema yenu imekitikisa.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Kiingereza nakijua, lakini kwa Kiingereza nimezoea kushukuru tu. Mwaka juzi nilikwenda dukani kulalamika kuhusu pasi iliyounguza suruali yangu ya kanisani, nikaishia kumshukuru muuzaji na kurudi nyumbani na pasi ya pili ya aina ileile. Safari hii nataka kukasirika mpaka mwisho wa ukurasa. Tafuteni mtu awatafsirie, katika eneo hili la Washington hamtamkosa, na mwambieni asipunguze makali.

Kwa kifupi, shida yangu ni hii. Niliandika kwamba sinema yenu ni bora kuliko zote nilizowahi kuona. Haikuwa kweli. Mke wangu amejua, na sasa haamini neno lolote jema linalotoka kinywani mwangu. Naomba kadi yangu niijaze upya. Malalamiko yenyewe nayapanga kwa namba ili msije mkasema hamkuyaona.

1. Mlitulisha kabla ya kutuuliza.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne. Mimi na jirani yangu Mutai, Mkenya wa Kericho, tulikuwa Arlington tukitafuta viatu vya mvua, tukapewa tiketi za kuona sinema yenu kabla haijatoka. Bure. Mlangoni tukakabidhiwa bisi kwenye ndoo na soda ya kumtosha ng'ombe. Ndugu Mkurugenzi, kwetu mtu akishakula kwako, maoni yake umeshayajua. Mimi nimekula katika nyumba za watu wali ulioungua, maharage yenye mawe, na mara moja kuku ambaye upande wa chini alikuwa bado mbichi kabisa, na kote nimesema chakula kizuri sana, Mungu awaongezee. Ndivyo nilivyolelewa. Kama mlitaka ukweli, mngetuacha na njaa.

2. Mlimtuma Cheryl.

Sinema ilipokwisha, aliyetuletea kadi na penseli alikuwa msichana wenu, Cheryl kwa mujibu wa beji yake. Alikuwa na mafua. Macho mekundu, kitambaa mkononi, na bado anatabasamu kwa kila mtu. Tena hakuondoka, alisimama palepale mwisho wa safu yetu akisubiri. Sasa niambie, wewe mwenyewe una moyo wa kuweka alama kwenye "mbaya sana" mbele ya mgonjwa? Nilimwombea apone, kisha nikaweka alama ya vema kwenye "bora sana".

3. Kadi yenu haina pa kujificha.

Ningeishia kwenye vema ningesalimika. Lakini chini yake mkauliza: ni kitu gani kilikupendeza zaidi? Mistari minne mitupu.

Nieleweke vizuri. Ile sehemu ya kwanza niliipenda kwa dhati. Nimeikodi kwenye kaseti mara tatu. Mafundi bomba kumi na wawili hawajui kushika gongo la kupigia mpira, wanafungwa na kila mtu, hata na timu ya watawa, mwishowe wanashinda. Mtu unatoka hapo una nguvu ya kwenda kazini Jumatatu. Sehemu ya pili ni mafundi walewale, lakini wamesahau yote waliyojifunza katika ile ya kwanza, na kocha wao amelazwa kwa sababu ambayo mimi na Mutai hatukuielewa. Wanaanguka. Wanasimama, wanaanguka tena. Saa mbili nzima nilitafuta kitu cha kupenda. Nilikipata kimoja tu: bata mzinga alikatiza uwanjani kwa sekunde kama ishirini, akasimama, akatazama kamera kama anayejiuliza amefikaje pale. Nilimwelewa kabisa. Nikaandika: "Bora kuliko zote nilizowahi kuona. Nimempenda sana bata mzinga." Mistari miwili iliyobaki nikaijaza kwa kuwatakia baraka.

Halafu kulikuwa na kijisanduku cha kuomba ruhusa ya kuyatumia maneno yangu. Kumkatalia mwenyeji ombi dogo kama hilo? Nikaweka vema.

Maoni yenyewe hasa tuliyatoa kwenye treni. Kuanzia Arlington mpaka tulipobadilisha treni pale Metro Center tulikuwa tumeshamaliza hadithi na waigizaji. Kutoka pale mpaka Takoma tulikuwa kwenye muziki. Sikuwa peke yangu, msije mkadhani ni ugeni wetu. Mama mmoja Mmarekani, ambaye ukumbini nilimwona kwa macho yangu akiwachorea uso unaocheka kwenye kadi, alimwambia mwenzake kwamba ni afadhali angekaa nyumbani kusafisha jiko. Nilipomuuliza Mutai yeye aliandika nini, alinishangaa. "Mimi nilitick zote za juu, bro," akasema. "Kwani hiyo soda ulilipa?" Kama mnataka kujua watu wanasemaje, muwe mnapanda treni.

4. Mliniamini.

Hili ndilo linalonikosesha usingizi. Sinema ilipotoka mwezi wa nane nilikwenda kuiona tena, nikitumaini mmeitengeneza. Kumbe mmeitengeneza kwa ushauri wangu. Bata mzinga alikuwa kila mahali. Amevaa kofia ngumu. Anasimama kituo cha tatu, anadaka mpira kwa bawa. Anahojiwa na redio. Kocha, ambaye sasa hakulazwa tena, anapiga magoti kumwomba msamaha, sijui kwa kosa gani, na mwisho mafundi bomba wote wanambeba mabegani huku wanalia. Watu ukumbini waligeukiana wakiuliza ni nani aliyefikiri hili ni wazo zuri, na mimi nikajishusha kwenye kiti, kwa sababu ni mimi.

5. Mkanitangaza.

Violet anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Miongoni mwa wazee wake yupo Mzee Peterson, miaka themanini na sita, mpenzi wa besiboli. Mji huu wa Washington timu yake ilihama tangu mwaka sabini na moja, na mzee huyu hajapoa mpaka leo. Akisikia jina la mwenye timu anasukuma sahani. Asubuhi Violet humsomea gazeti huku anamlisha uji. Siku hiyo akafika kwenye tangazo lenu, ukurasa mzima, picha ya yule bata mzinga, na chini yake maoni ya watazamaji. La kwanza: "Bora kuliko zote nilizowahi kuona. Nimempenda sana bata mzinga. — Clement N., Takoma Park." Alikuwa ameshalisoma kwa sauti ndipo akatambua ni nani.

Kumbukeni kwamba mwezi wa nne niliikandia sinema yenu mezani kwangu, mbele ya mwanamke huyuhuyu, kuanzia supu mpaka chai.

Mzee Peterson akauliza kama ni yule Clement mume wa Violet. Violet hajui kusema uongo, akakubali. Mzee akasema kama mume wa Violet ameipenda, naye atakwenda. Alikuwa hajaingia ukumbi wa sinema kwa miaka tisa. Wakamvalisha suti, wakampakia na kiti chake cha magurudumu, akapelekwa. Siku mbili baada ya hapo hakusema na mtu. Ya tatu alimshika Violet mkono, akamuuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, mumeo huwa anakwambia ukweli?"

6. Sasa nyumbani kwangu kuna uchunguzi.

Violet alirudi jioni hiyo akaketi bila kuvua koti. Akaanza kupitia mema yote niliyowahi kumwambia tangu tuoane mwaka themanini na sita. Lile gauni la kijani la harusi ya mdogo wangu. Ile Jumapili alipoimba peke yake kanisani. Nilitetea moja baada ya jingine, mengine kwa haki kabisa. Alipofika kwenye pilau yake nilichelewa kujibu, kidogo tu, kama mtu anayemeza mate. Aliona.

"Miaka kumi na miwili unaniambia nzuri sana," akasema. "Nzuri kama nini, Clement? Kama ile sinema?"

Tangu siku hiyo nikisifu chochote, hata hali ya hewa, ananitazama tu. Zamani alikuwa akipakua chakula anasimama kidogo, mkono kiunoni, anasubiri nionje. Nilizoea kumwona amesimama vile. Sasa anapakua anaondoka. Hilo linaniuma, Ndugu Mkurugenzi, na sioni haya kukwambia. Mmeninyima mke wangu kwa ndoo moja ya bisi.

Kwa hiyo nadai yafuatayo. Kadi yangu irudishwe, niifute "bora sana" na kuweka "mbaya", wala si "mbaya sana", maana Cheryl hana hatia. Gazetini mtoe tangazo la ukurasa mzima lenye maoni yangu mapya. Mzee Peterson aombwe radhi ana kwa ana, na ndege naye awepo. Violet aandikiwe barua yenye mhuri, ikithibitisha kwamba neno la mumewe, pale asipokuwa amelishwa na watu baki, ni la kutegemewa. Na sehemu ya tatu isitengenezwe, au ikitengenezwa bata mzinga auawe dakika ya kwanza. Msiponijibu nitafungua kesi. Njia ya mahakama ya kaunti yetu, kule Upper Marlboro, naijua. Wanasema mtaa wetu umehamishiwa kaunti nyingine tangu mwaka jana, lakini mimi hasira yangu sikuihamisha.

Nisalimieni Cheryl, natumaini mafua yameisha. Msalimieni mshika kamera, mafundi bomba wote kumi na wawili, kocha na figo zake kama ni figo, wapika bisi, na wote mnaokula nao mchana. Violet angewasalimu pia, lakini hatujafikia hapo. Naishia hapa kwa kuwa karatasi imeisha, hasira ingalipo.

Mimi, niliyeponzwa na adabu,

Clement Ndunguru

Tanbihi: Kabla ya kuifunga barua hii nilimpa Violet aisome, ajue kwamba sikukaa kimya. Aliisoma yote amesimama. Kisha akauliza jambo moja tu: pale kwenye pilau nilikuwa nameza nini? Kwa kuwa kalamu ilikuwa bado ya moto, nikamwambia. Karafuu. Ni nyingi mno, tangu ile ya kwanza aliyonipikia kwa dada yake Morogoro, mpaka ya Jumapili iliyopita.

Violet akaketi. "Siku ile mkono uliniteleza," akasema. "Nikataka kuimwaga. Wewe ukaniambia unazipenda sana hizo karafuu. Mimi mwenyewe sizipendi, Clement. Miaka yote hii naziweka kwa ajili yako."

Tulicheka mpaka Mutai akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Baada ya hapo nimekaa na barua hii mkononi, na naona sina tena uso wa kuwalaumu kwa jinsi mlivyomtumia yule ndege. Violet naye amesoma madai yangu mara ya pili, akasema ni aibu kubwa kuwaandikia hivyo watu walionikaribisha wakanilisha. Ningeichana, ila stempu nimeshabandika. Basi msifuate lolote lililoandikwa hapo juu. Kadi iacheni ilivyo. Sinema ilikuwa bora sana. Na sehemu ya tatu ikiwa tayari tutumieni tiketi mbili, maana safari hii Violet anataka kuja. Maoni nitawajazia vizuri kama kawaida yangu. Ukweli nitamwambia yeye.