Kapteni wa Cherehani

Hapana, haikuruka. Ingerukaje? Ngoja nianzie kwenye cherehani, maana nikianzia kwenye ndege utapotea.

Gradi, yule fundi nguo wa Marshalltown, ana mdomo wa kumuuzia bata mwavuli. Siku hiyo kijana Alexis, mlinzi wa duka kule Mayfair, akamletea shati jeupe. Anataka mistari minne ya dhahabu mabegani, ile ya kapteni. Kumbe anaomba urubani kwenye kampuni ndogo ya ndege za kukodi, na leseni kainunua mtaani. Gradi akaweka sindano chini.

"Mdogo wangu, mistari ni kazi rahisi. Masaa ya kuruka unayo?"

Maana watu wa ndege hawaangalii shati. Wanauliza umeruka masaa mangapi, halafu wanampigia bosi wako wa zamani. Alexis bosi hana. Basi Gradi akajiuza yeye awe bosi huyo: kapteni mkuu wa kampuni moja ya Lubumbashi iliyokufa zamani, Mungu ailaze pema, ingawa haikuwahi kuzaliwa. Akaifyeka akiba yote ya kijana.

Simu ikaja kutoka Randburg. Mama mmoja Mkenya, Nyambura, kazi yake ndiyo hiyo ya kuwachunguza marubani. Gradi akaweka sauti nzito, na Kifaransa kidogo cha kukolezea. Akamwambia kwamba Alexis karuka chini yake masaa elfu tatu, katua kwenye radi, katua kwenye matope. Nyambura akasikiliza weee, akashukuru. Akasema kampuni inampa mdhamini zawadi: viti viwili vya bure mpaka Lubumbashi, kwenye safari ya kwanza ya Alexis.

Gradi akameza ndoano na uzi wake. Alijua lazima pembeni ya Alexis watamweka rubani wa kweli. Akamchukua mama yake mzazi, Mama Brigitte, ambaye miaka mingi hajaona kwao Lubumbashi.

Ndege wakaikuta imesimama nje ya banda, pua imefunikwa turubai. Gradi akamweleza mama yake, kitaalamu kabisa, kwamba wanaikinga na jua. Wakapanda. Alexis keshakaa mbele na mistari yake, jasho linamtoka, anapapasa vitufe kama anatafuta stesheni ya redio. Kiti cha pembeni kitupu.

"Rubani mwingine yuko wapi?" Gradi akauliza.

"Wa nini?" Nyambura akamjibu toka mlangoni. "Kapteni, si umesema huyu anatosha?"

Eish. Gradi akamshika mama yake mkono, washuke. Mama keshafunga mkanda, kikapu kiko mapajani.

"Sishuki. Mwanangu ndiye amesema huyu anajua."

Angekuwa peke yake, Gradi angetoroka na viatu mkononi. Lakini mama yake atarushwa na mlinzi wa duka?

"Mama, shuka. Hajui. Hata mimi sijui. Mimi nashona tu."

"Nilijua tangu kwenye simu," Nyambura akasema. "Ofisi ya kapteni mkuu, na cherehani inalia nyuma."

Akaenda akavuta turubai. Ndani ya pua, patupu. Injini iko kwa mafundi.

"Rubani wa kweli anaizunguka ndege kwanza, anaishika huku na huku. Nyinyi marubani wawili mmepita hapa, hakuna hata aliyefunua."

Polisi aliowaita walikuwa njiani, wamekwama kwenye robot mbovu, zile taa za barabarani. Mama Brigitte akashuka, akamnyooshea mwanawe kiganja. Gradi akatoa pesa za Alexis, mama akamrudishia mwenyewe. Ndipo akafungua kikapu chini ya bawa: bukari, ule ugali wa kwao, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga wa safari. Polisi walipofika, nao wakanawa. Kichwa cha samaki kwa Nyambura, katikati kwa polisi, mkia kwa Alexis, macho yake bado mekundu kwa kulia. Gradi akanyoosha mkono.

Mama akamsukumia bukari tupu.

"Wewe shushia na yale masaa yako elfu tatu."

Gradi naye akakaa, akala.