Paris, Dakika Nne kwa Ndara

Jumanne, 16 Januari

Mwalimu Dai katuma picha nyingine. Huyu ni baba wa mchumba wa binti yetu Ruoyin. Mwalimu mstaafu wa jiografia, mkazi wa Jinhua, mtembezi asiyechoka. Safari hii yuko Uswisi. Theluji mbele, theluji nyuma, yeye katikati na miwani ya jua. Ameandika: "Mkwe, hewa ya huku!" Hewa ya huku! Mimi miaka thelathini katika kiwanda cha miavuli, hewa yangu ilikuwa gundi.

Roho iliniuma. Nikavaa koti juu ya nguo za kulalia, nikatoka na ndara zangu mpaka chini ya mnara. Waliojenga mtaa wetu waliamua kuiga Paris hapa hapa China, mjini Hangzhou: mnara wa chuma, chemchemi, mapaa, mpaka nguzo za taa. Kila siku maharusi wa mikoa yote wanakuja kupigwa picha. Nikamwomba bibi harusi mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake anipige na mimi. Nikamtumia Mwalimu: "Salamu kutoka Paris. Tumefika jana."

Dakika nne kwenda, dakika nne kurudi. Uji ulikuwa bado wa moto. Mke wangu Caixia aliposikia, akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia ndiyo, nimeipima.

Alhamisi, 18 Januari

Balaa! Ruoyin kapiga simu. Mwalimu anakuja Jumapili ya tarehe 28 kuleta posa rasmi, "mtakapokuwa mmeshapumzika na safari." Binti akaniuliza, safari gani, Baba?

Nikamweleza. Akaangua kilio. Anasema Mwalimu Dai alishawahi kuvunja posa ya mwanawe mkubwa kwa sababu upande wa pili ulificha miaka miwili ya umri. Miwili tu! Kama hilo lilivunja posa, mnara mzima utafanya nini? "Baba, nampenda huyu kijana. Mwambie baba yake ukweli leo leo." Nikamwahidi.

Nilishika simu nusu saa. Nikatuma picha ya chemchemi.

Jumamosi, 20 Januari

Nimepata dawa. Tumpokee Mwalimu kwa shemeji yangu Xiufen, ambaye jengo lake ni jengo tu, halifanani na nchi ya mtu. Nikampigia. Akaniuliza kama ni nyumba ile ile niliyoisema mbele ya ukoo mzima kwamba inanuka kabichi. Nikasema nilitania. Akasema yeye hatanii, akakata simu.

Basi atakuja hapa. Mpango wa pili: ataingia kwa lango la nyuma, asubuhi, wakati wa ukungu. Na madirisha yote yanayotazama mnara nimeyabandika karatasi nyekundu za mwaka mpya wa Kichina, juu mpaka chini. Nani atashangaa? Ni msimu wake. Ila nyumba imekuwa nyekundu mpaka ndani ya vikombe. Caixia anasema tunafanana na kaa waliochemshwa.

Jumanne, 23 Januari

Imebaki Mama Ge. Anaongoza kina mama wanaocheza ngoma chini ya mnara kila asubuhi, na kipaza sauti chake kinasikika mpaka barabara kuu. Mgeni akisikia, atauliza wanachezea wapi, atataka kwenda kuona. Nikamwomba wahamie mbali siku hiyo. Akashika kiuno. "Kwa nini? Wewe umekuwa nani hapa, meya wa Paris?"

Nikamwambia mkwe wangu ana moyo mbovu, daktari kamkataza kelele. Uso wake ukalainika papo hapo. Akasema masikini, ningesema mapema. Watanyamaza kama kaburi.

Mimi ni hodari, sijui kwa nini kiwandani hawakunipandisha cheo.

Alhamisi, 25 Januari

Mtaa mzima unajua habari za moyo wa Mwalimu Dai. Nimeletewa supu mbili, mizizi ya dawa na anwani ya mganga wa sindano. Nimepokea vyote. Ukungu umetabiriwa. Ruoyin hapokei simu zangu.

Jumapili, 28 Januari

Naandika haya usiku, wageni wameshaondoka.

Saa tatu, ukungu mzito, mnara hauonekani hata mguu. Nikasimama lango la nyuma. Gari likafika. Akashuka Mwalimu Dai, mzima kama chuma, na mwanawe, na Ruoyin, na masanduku ya zawadi. Na kutoka kwenye ukungu wakatokea kina mama kumi na wawili, Mama Ge mbele, wanasukuma kiti cha magurudumu.

"Karibu, kaka! Keti, keti, usijichoshe!" Mwalimu akasema yeye ni mzima. Wakasema wagonjwa wa moyo wote husema hivyo. Wakamketisha. Wakamfunika blanketi. Nikawaelekeza nyumbani, Mama Ge akasema hapana, mgonjwa anahitaji hewa, watampitisha njia nzuri. Nikakishika kiti kwa nyuma. Mama mmoja akanibandua vidole, kimoja kimoja.

Njia nzuri! Chemchemi. Sanamu. Maharusi kumi na wanne wenye shela. Na tulipofika uwanjani, ukungu ukaondoka kana kwamba umelipwa. Mnara huo hapo, mzima, mpaka ncha.

Nikasema, "Ajabu, mkwe, wameuiga ule niliouona mimi."

Mwalimu akaingiza mkono mfukoni. Akatoa simu, akanionyesha picha yangu ya kwanza. Mimi natabasamu. Nyuma yangu roshani, na kwenye roshani bata tisa wa chumvi wameanikwa kwa ajili ya mwaka mpya. Chini yao Mama Ge, mguu mmoja juu. Bata wetu! Nimewazoea, sikuwaona kabisa.

"Nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja," akasema. "Wafaransa wana mengi. Hawana hawa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamtazama Ruoyin, nikaona nimempokonya mume kwa mkono wangu mwenyewe. Nikasema nisamehe, mkwe, kosa ni langu, msichana hana hatia.

Akasema anajua. Ruoyin alimpigia siku ile ile ya tarehe 18, akalia, akamwambia kila kitu, akasema yuko tayari kuachwa. "Mimi sikuja kwa ajili yako," akaniambia. "Nimekuja kumposa huyu." Nikalia mbele ya maharusi wote. Mama Ge akalia pia, kisha akaniuliza vipi kuhusu ule moyo mbovu. Tumeambizana mengine mbali na wageni.

Harusi ni Mei. Mwalimu alikula nusu bata. Nimeapa mbele yake, na mbele ya Caixia, kwamba sitadanganya tena.

Jumatano, 31 Januari

Nimekuwa mwepesi. Ukweli ni kitu kizuri, nashangaa watu hawautumii zaidi.

Leo Luan, tuliyekuwa naye kiwandani, katuma picha: yupo Ugiriki, bahari ya buluu, kofia ya majani. Ananiuliza kama mimi bado nasafiri hadi sokoni tu.

Nimewaza kwa utulivu. Kosa langu lilikuwa moja: nilimdanganya mwalimu wa jiografia. Luan alikuwa anafunga vipini vya miavuli. Na Mwalimu mwenyewe alinidokeza mezani kwamba kule kusini kuna mtaa uliojengwa sawasawa na kijiji cha Austria, na ziwa lake.

Treni inaondoka Ijumaa saa mbili asubuhi. Nimeshamwandikia Luan kwamba tuko uwanja wa ndege.