Kura Hapa Ufurahi

Jumatatu, 2 Machi

Iwekwe kumbukumbu kwa vizazi vijavyo: leo mimi, Osoro, mwalimu wa useremala katika chuo chetu cha ufundi hapa karibu na Kebirigo, nimeteuliwa kufundisha ujasiriamali. Mkuu wa chuo, Bwana Makori, aliuliza ni nani aliye tayari. Nilikuwa nimesimama kufunga dirisha. Nikapigiwa makofi. Sijawahi kuuza hata kuku. Madam Phanice wa ushonaji, ambaye sare zake zinafika mpaka Ogembo, alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa sahani. Alhamisi mkaguzi anakuja kuona somo. Nikivuruga, somo ni la Phanice.

Jumatano, 4 Machi

Mpango umeiva. Sitafundisha, nitaonyesha! Wanafunzi watauza chai, mandazi na ndizi za kuchemsha langoni. Mtaji ni wa mke wangu Nyamoita. Anajua nusu ya habari hiyo. Kibao nimeandika mwenyewe, rangi nyekundu, herufi kubwa: KURA HAPA UFURAHI. Phanice akaomba akipitie kwanza. Nikakifunika kwa gunia. Wivu huo.

Alhamisi, 5 Machi

Foleni imefika banda la kupimia majani chai! Wengine wameshika vitambulisho. Nikaona ni nidhamu tu. Mzee mmoja akauliza mheshimiwa ni yupi. Nikasema ni mimi. Akanisalimia kwa mikono yote miwili, akasema wamechoka na wale wengine. Wakala. Wakarudia. Mama mmoja akafungia watoto mandazi kwenye leso. Mkaguzi naye alikuwa kwenye foleni, akala kama wenzake. Kisha wakaimba jina langu, wakaenda zao. Hakuna aliyelipa.

Ijumaa, 6 Machi

Bwana Makori akauliza ile ilikuwa nini. Nikasema utafiti wa soko.

Ukweli ni huu. Ulimi wa kwetu humeza L ukatoa R, na mkono wangu ukishika brashi huandika nisemavyo. Niliita watu waje kula. Wakaja kwa habari ya kura. Walidhani nautaka ubunge na chakula ni cha kampeni. Phanice alinieleza huku akifuta machozi ya kicheko, nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Mkaguzi amesema kuvuta wateja naweza, kuwatoza ndiyo sijui. Nibaki na somo, Phanice anisaidie, na hasa apitie vibao.

Jumatatu, 9 Machi

Kibao kipya kiko juu. Sikumwonyesha Phanice, neno lile nimelikwepa kabisa, kosa litatoka wapi? MAHARI PAZURI PA FAMILIA, KARIBUNI. Wazee wawili wamekisoma kwa makini, wakauliza nina mabinti wangapi. Nikasema watatu, wachapakazi wote. Wakauliza kama napokea ng'ombe. Nikakataa. Taslimu tu, mimi nimeshajifunza.

Wameondoka wakitabasamu. Watarudi Jumapili na shangazi zao. Nimeagiza unga zaidi.